Vipimo vya picha mjini Tabora: soma ripoti kabla ya kuisifu mashine

Mtu mwenye nyumba mjini Tabora na ndugu walioko Urambo, Kaliua na Sikonge hana budi kuvifahamu vituo vya vipimo vya picha, kwa sababu kila ndugu anayeandikiwa eksirei, ultrasaundi au siti skani (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kwa vipande) hufikia kwake, hulala kwake, na asubuhi husindikizwa naye. Ni kwa njia hiyo nimekaa kwenye mabenchi mengi ya kusubiria, ya hospitali ya umma na ya vituo vya watu binafsi, pamoja na yale ya zahanati zenye chumba kimoja cha ultrasaundi kilichotenganishwa na mapokezi kwa pazia. Sitavitaja kwa majina. Wahudumu huhama, mashine hubadilishwa, na kituo kilichoboronga mwaka jana huenda mwaka huu kimepata mtu makini. Ninachokusudia kueleza ni namna mteja anavyoweza kukipima kituo akiwa bado amesimama mapokezi na fedha zake zingali mfukoni.

Rai yangu ni kwamba sehemu kubwa ya thamani ya huduma hii imo katika mambo mawili ambayo hayamo kwenye mabango: maswali unayoulizwa kabla ya kupanda kitandani, na karatasi unayokabidhiwa baada ya kushuka. Mashine nzuri ni jambo la heri, lakini katika mji wetu nimeona mashine mpya ikitoa majibu ya hovyo na mashine iliyochakaa rangi ikitoa majibu ambayo daktari wa Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza, aliyapokea bila kuagiza kipimo kirudiwe.

Nianze na karatasi. Shangazi yangu alikuja mjini akiwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu. Ni mama mtu mzima ambaye miaka mingi iliyopita alifanyiwa upasuaji akaondolewa kifuko cha nyongo, na kovu lake bado linaonekana waziwazi. Tulikwenda katika kituo kimoja cha binafsi kilichokuwa na kiyoyozi, runinga kubwa ukutani na viti vya kukalia vizuri. Hakuna aliyemuuliza lolote zaidi ya jina na umri. Kipimo chenyewe kilikwisha upesi mno, na ripoti, iliyoandikwa kwa Kiingereza kama zilivyo ripoti nyingi za aina hiyo, ilieleza kwamba kifuko chake cha nyongo kina ukubwa wa kawaida, kuta zake ni nyembamba, na hakina mawe. Nilipomfasiria, shangazi alinitazama kwa muda, kisha akauliza, “Mwanangu, hicho walichokiona ni cha nani?” Tulirudi mapokezi, karatasi ikachukuliwa, na punde ikaletwa nyingine ambayo mstari ule umeondolewa. Shangazi hakurudishwa kitandani. Mistari mingine yote, ya ini, figo, bandama na kongosho, ilibaki kama ilivyokuwa, na sikuona sababu ya kuiamini kuliko ule uliofutwa.

Chanzo cha kasoro ya namna hii si kigumu kukitambua. Kompyuta za vituo vingi huwa na ripoti iliyokwisha kuandikwa, ambamo kila kiungo kimeelezwa kuwa cha kawaida, na mpimaji hutakiwa kubadilisha pale tu anapokuta tatizo. Utaratibu huo unaokoa muda na hauna ubaya ukiwa mikononi mwa mtu anayetazama kwanza na kuandika baadaye. Ubaya huja pale foleni inapokuwa ndefu na mhusika akawa analipwa kwa idadi ya wagonjwa, kwani hapo neno “kawaida” hubaki mahali pake kwa sababu tu hakuna aliyeligusa.

Siku iliyofuata tulikwenda kwingine, mahali ambapo viti ni vya plastiki na feni ya dari ina mlio. Dada aliyetupokea alimwamkia shangazi shikamoo, kisha akamuuliza alikula lini mara ya mwisho, kama amewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, kama ana kisukari, na maumivu yanaanza baada ya kula au wakati wowote. Mpimaji mwenyewe aliuliza tena habari ya upasuaji, akaliangalia kovu, akampaka jeli, akamgeuza ubavu wa kushoto, akamwambia avute pumzi na kuizuia, akarudia hivyo mpaka shangazi mwenyewe akawa anavuta pumzi kabla ya kuambiwa. Ripoti yake ilisema kwamba kifuko cha nyongo hakipo kutokana na upasuaji wa zamani, ikataja kwa milimita upana wa mrija mkuu wa nyongo, ikaeleza kuwa mrija huo unaweza kuwa mpana kidogo kwa mtu aliyeondolewa kifuko, na ikakiri kwamba sehemu ya mkia wa kongosho haikuonekana kwa sababu ya gesi tumboni. Mwishoni palikuwa na ushauri kuwa maumivu yakiendelea, daktari afikirie siti skani. Sentensi ile ya gesi ndiyo iliyonifanya nikiamini kituo kile. Anayeandika kile ambacho hakukiona anakupa sababu ya kukubali kile anachosema amekiona.

Kwa hiyo, unapopewa majibu, usiondoke dirishani kabla ya kuyasoma, hata kama Kiingereza chake kinakupiga chenga. Tazama kama jina, umri na jinsia ni vyako, kama tarehe ni ya leo, kama sababu ya kupimwa iliyoandikwa na daktari wako imenukuliwa, kama panapotajwa upande wa kulia au wa kushoto ndiko kweli kunakouma, kama vitu vilivyopimwa vina vipimo vya milimita au sentimita, na kama hitimisho linajibu swali aliloliuliza daktari. Kisha tafuta jina na cheo cha aliyesoma picha. Hapa pana jambo ambalo wateja wengi hulichanganya: mteknolojia wa radiolojia ndiye mtaalamu wa kupiga picha, na daktari bingwa wa radiolojia ndiye mwenye mafunzo ya kuisoma na kuitolea ripoti kamili. Madaktari bingwa wa fani hii ni wachache mikoani, na ndiyo maana vituo kadhaa hutuma picha kwa mtandao zikasomwe katika mji mwingine. Hilo si dosari hata kidogo. Mimi ningependa picha yangu isomwe na bingwa aliye mbali kuliko kusomwa haraka na yeyote aliye karibu. Dosari ni kuficha. Kituo kimoja kilituambia wazi, “Picha ya leo itasomwa jioni, majibu mtayapata kesho saa nne asubuhi,” na saa nne asubuhi majibu yalikuwapo. Kingine kiliahidi nusu saa, tukakaa hadi jua likazama, ndipo tukaelezwa kwamba msomaji hajapatikana kwenye simu. Kwa mtu aliyetoka Kaliua kwa basi, tofauti hiyo ni nauli na usiku mzima wa kulala ugenini.

Ultrasaundi ndicho kipimo kilichoenea kuliko vyote hapa mjini na ndicho nafuu zaidi, lakini pia ndicho kinachotegemea mno mkono wa mpimaji. Kinatumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia: sikio hukomea karibu na kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, ilhali mashine hufanya kazi kwa megahezi kadhaa, yaani mamilioni ya mitetemo. Hakina mionzi, na kwa sababu hiyo hutumika kwa wajawazito bila wasiwasi. Jambo ambalo mteja anaweza kulikagua kwa macho yake ni vile vichwa vya mashine vinavyopitishwa mwilini. Kichwa kilichopinda, chenye mawimbi ya masafa ya chini, megahezi 2 hadi 5 hivi, hufika mbali ndani ya tumbo lakini hakionyeshi vitu vidogo kwa ufasaha. Kichwa kilichonyooka, chenye mawimbi ya masafa ya juu, hakifiki mbali lakini huonyesha vizuri viungo vilivyo karibu na ngozi, kama titi, tezi ya shingo na mishipa ya damu. Mahali ambapo titi hupimwa kwa kichwa kilekile cha tumbo, kwa sababu hakuna kingine, ni mahali pa kushukuru kwa adabu na kuondoka. Nimeshuhudia jambo hilo likifanywa, na bei ilikuwa sawa na ya kituo chenye vichwa vitatu.

Maandalizi nayo hupuuzwa. Ultrasaundi ya tumbo la juu inataka mtu awe hajala kwa saa 6 hadi 8, kwa kuwa chakula hukifanya kifuko cha nyongo kisinyae na huongeza gesi. Ya nyonga inataka kibofu kijae, ili mkojo uwe dirisha la kuonea mfuko wa uzazi ulio nyuma yake au tezi dume iliyo chini yake. Kituo kizuri hukwambia hayo siku unapopanga miadi, na humpangia mwenye kisukari saa za asubuhi mapema ili asishinde na njaa. Kituo kizuri pia humrudisha nyumbani aliyekunywa chai na maandazi, jambo linaloudhi sana wateja wetu, ambao huchukulia kurudishwa kuwa ni dharau. Nilimsikia mzee mmoja akilalamika kwamba fedha zake ni halali kama za wengine. Mhudumu alimjibu kwa upole kwamba ni kwa ajili ya fedha hizohizo anaombwa arudi kesho. Nilimpenda yule mhudumu. Hata hivyo, kituo kinachowaagiza akina mama wajaze kibofu kinapaswa kuwa na choo cha karibu, safi na chenye maji, na katika hili sehemu nyingi nilizozipitia hazistahili sifa. Umeme unapokatika wakati akina mama wamebana mkojo, na jenereta haina mafuta, benchi lile halitazamiki.

Mabango makubwa ya mjini yanatangaza zaidi picha za mtoto tumboni zenye sura kamili. Ni picha za kupendeza, na sioni vibaya mtu kuzilipia akiwa na uwezo, lakini zisichukuliwe kuwa ndizo kipimo chenyewe. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya kutimiza wiki 24, kwa ajili ya kukadiria umri wa mimba, kutambua mapacha na baadhi ya kasoro za mtoto. Umri wa mimba unaokadiriwa katika miezi mitatu ya kwanza, kwa kupima urefu wa mtoto toka kichwani hadi kwenye makalio, hukosea kwa siku chache tu, kati ya 5 na 7. Ukikadiriwa katika miezi mitatu ya mwisho unaweza kupishana kwa wiki tatu. Kwa hiyo binti anayekuja mwezi wa nane kwa mara ya kwanza, akiwa na hamu ya kujua jinsia, anakuwa amechelewa kujua tarehe yake ya kujifungua kwa uhakika. Ripoti nzuri ya mjamzito huonyesha idadi ya watoto, mapigo ya moyo, mkao wa mtoto, mahali kondo lilipojishika, kiasi cha maji na umri wa mimba. Nimeona nyingine zenye mistari miwili, mmoja ukiwa ni jinsia.

Kwa upande wa eksirei, nitasema bila kusita kwamba kazi bora niliyoiona ilifanywa hospitali ya umma, mahali ambapo foleni ni ndefu na fundi hana muda wa kupiga soga. Mpwa wangu alianguka na bodaboda kwenye njia ya Ipuli, akafika akiwa ameshika kifundo cha mkono. Mteknolojia alimpiga picha ya mbele na ya ubavuni, akatazama kwenye skrini, akamuuliza aonyeshe kwa kidole kimoja mahali hasa panapouma, na kijana alipogusa kishimo kilichopo chini ya dole gumba, akaongeza picha nyingine ya pembe tofauti iliyolenga mfupa mdogo wa mahali pale. Majibu yalisema kwamba hakuna mvunjiko unaoonekana, lakini kwa kuwa mfupa ule unaweza kuwa na ufa usiojitokeza siku za mwanzo, afungwe mkono na arudie picha baada ya siku 10 hadi 14 maumivu yakiendelea. Yalikuwa majibu ya mtu anayeijua kazi yake. Linganisha na kituo ambacho hupiga mfupa picha ya upande mmoja tu na kutoza kwa kila picha inayoongezwa: mfupa uliovunjika unaweza kuonekana umekaa sawa ukitazamwa kwa mbele, na ukitazamwa kwa ubavu ukawa umepishana. Picha mbili ndio mwanzo wa kazi, na bei inayotajwa mapokezi inapaswa kuzihesabu zote mbili.

Picha ya kifua ina masharti yake. Mgonjwa anayeweza kusimama husimama akikikabili kibao, mionzi ikitokea mgongoni kwa umbali wa takriban sentimita 180, mabega yamesogezwa mbele na pumzi imevutwa hadi mwisho. Asipovuta pumzi vya kutosha, moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo na sehemu ya chini ya mapafu huonekana kama ina ugonjwa. Wazee wetu wengi hawaelewi agizo la kuvuta na kuzuia pumzi linapotolewa kwa sauti ya ukali kupitia dirisha la kioo. Nilimwona mteknolojia mmoja akitoka nje ya chumba chake cha kuendeshea mashine, akamwonyesha bibi mmoja kwa vitendo, akamwelekeza kwa Kinyamwezi, wakafanya mazoezi pamoja mara mbili ndipo akarudi kubonyeza. Jambo dogo, lakini picha haikurudiwa.

Liko na suala la vitu vya mwilini. Mikufu, vifungo, pini za nywele na nyuzi za kusukia zenye madini huacha vivuli, na katika mkoa wetu lazima mtu awe mkweli aongeze hirizi. Mhudumu mwenye busara huuliza jambo hili faraghani, mlango ukiwa umefungwa, na hutoa mfuko mdogo ili mwenye kitu akishike mwenyewe badala ya kukiacha juu ya meza. Nilishuhudia mahali ambapo swali hilo liliulizwa kwa sauti mbele ya benchi zima, na baba mtu mzima akaamua kuondoka bila kupimwa. Sijui kama alirudi kwingine. Vituo vinavyotoa kanga safi au koti la kubadilishia, na chumba chenye kitasa kinachofunga, vinastahili sifa kuliko vyenye runinga.

Kuhusu usalama wa mionzi, mteja anayo haki ya kutazama ukutani. Chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayosimamia vyanzo vya mionzi na kuvitolea leseni, kwa hiyo kituo chenye eksirei au siti skani hakina sababu ya kuificha leseni yake. Mlangoni pawe na alama ya mionzi na taa inayowaka wakati wa kupiga, mlango ufungwe sawasawa, na mtaalamu awe amevaa kifuani kile kijikifaa kinachopima mionzi anayoipokea kazini. Wanawake waulizwe kama wanahisi kuwa wajawazito kabla ya kupigwa, kila mara, si kwa kubahatisha kwa macho. Wateja wengine hulalamika kwamba hawakuvishwa aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi; hilo peke yake lisiwe sababu ya kukishusha kituo, kwani tangu 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kinashauri kuacha desturi ya kuwafunika wagonjwa viungo vya uzazi katika kila picha, kwa kuwa kitambaa kile kinaweza kuziba sehemu inayotakiwa kuonekana, na kinga kubwa zaidi ni kuubana mwale wa mionzi uguse sehemu inayohitajika tu. Mzazi anayebaki ndani kumshikilia mtoto, huyo lazima avalishwe, na akikosa kuvalishwa lalamika.

Siti skani ndiyo iliyobadilisha zaidi mambo ya mikoa kama wetu. Katika mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao serikali iliupata 2021 kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, fungu la afya lilinunua pia mashine za siti skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Aliyewahi kumsafirisha mgonjwa wa kiharusi kutoka Tabora kwenda Mwanza, kwa barabara ya Nzega na Shinyanga, anaelewa maana yake. Kiharusi kinaweza kutokana na mshipa ulioziba au mshipa uliopasuka. Dalili zake zinafanana, matibabu yake yanapingana, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja kwenye ubongo. Hata pale ambapo dawa hiyo haipatikani, kujua mapema kama ni damu au la hubadilisha kila uamuzi unaofuata. Siti skani ya kichwa bila dawa ya kuchoma mshipani huchukua dakika chache tu mezani. Kinachochukua muda ni kibali, malipo na kumtafuta wa kuisoma.

Hapo ndipo nina malalamiko. Wenye bima ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wanapaswa kufahamu kwamba vipimo vikubwa kama siti skani na MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku) mara nyingi huhitaji kibali cha mfuko kwanza, na kwamba si kila kituo cha binafsi kina mkataba na mfuko. Kuna kituo ambacho mapokezi hupokea kadi, hukuketisha, na baada ya muda mrefu hukuambia kuwa kipimo hiki hakimo au kibali hakijajibiwa, kisha hukukumbusha kwamba ukilipa taslimu utaingia sasa hivi. Uliza mapema, na ukipewa jibu la mdomo omba jina la aliyekujibu. Kwa wanaolipa wenyewe, siti skani inazidi bei ya ultrasaundi mara kadhaa, na tofauti ya bei kati ya kituo na kituo mara nyingi inatokana na kitu kimoja: je, bei hiyo imejumuisha dawa ya kuchoma mshipani, sindano zake, filamu na ripoti, au kila kimoja kinadaiwa peke yake? Nimeona bei ya bango ikipanda kwa vipande vipande mpaka ikawa ya juu kuliko ya jirani aliyeonekana ghali. Risiti ya mashine idaiwe kwa jumla ya yote.

Dawa hiyo ya kuchoma huwa na iodini, na hutiwa ili mishipa na viungo vitofautiane kwenye picha. Kabla ya kuichoma ni lazima uulizwe kama una pumu au mzio, kama uliwahi kupata shida ulipochomwa dawa ya aina hiyo, kama una ugonjwa wa figo, na kama unatumia metformini kwa ajili ya kisukari. Kwa wenye hatari ya figo hutakiwa pia majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Kituo kinachochoma bila maswali haya, hata kiwe na mashine mpya iliyofika jana, sikipendekezi kwa mtu yeyote. Kadhalika, siti skani isiombwe kama zawadi ya kujiridhisha. Eksirei ya kifua huupa mwili takriban milisiveti (kizio cha mionzi inayopokelewa na mwili) 0.1 au pungufu, wakati siti skani ya tumbo inaweza kufikia milisiveti 8 hadi 10. Kwa wastani wa dunia, mionzi ya asili tunayoipokea bila kupimwa popote ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kiasi hicho cha siti skani hakipaswi kumtisha mgonjwa mwenye sababu, ila kinatosha kumfanya asipime mara mbili kwa kuwa tu picha za kwanza zilipotea.

Na picha hupotea, au huharibika njiani. Filamu nyingi za siku hizi huchapwa kwa joto bila kemikali, hivyo joto likizidi huendelea kuzifanya nyeusi; ukiiacha kwenye kioo cha mbele cha basi la Mwanza mchana wa Oktoba, utafika na karatasi yenye kivuli kisichosomeka. Kituo ninachokipenda huzitia kwenye bahasha ngumu yenye jina, na kwa ombi hukuwekea picha halisi kwenye flashi, ambazo daktari wa hospitali ya rufaa anaweza kuzifungua kwenye kompyuta yake na kubadilisha mwanga na ukubwa atakavyo. Vituo vingine bado hutoa CD, wakati kompyuta nyingi za sasa hazina hata mahali pa kuiingiza. Kuhusu ile desturi ya kupiga filamu kwa simu dirishani na kuituma kwenye WhatsApp, inafaa kumjulisha mjomba aliyeko Dar es Salaam. Daktari asiombwe kutoa uamuzi kwa picha ya picha, yenye mng'ao wa dirisha na kidole cha mpigaji.

MRI sitaizungumzia kwa urefu, kwa kuwa ndugu zangu waliohitaji kipimo hicho walisafiri, mmoja Mwanza na mwingine Dodoma, na sina cha kuhukumu hapa nyumbani. Itoshe kusema kwamba mwenye kifaa cha kuratibu moyo, au chuma chochote kilichowekwa mwilini, aseme hivyo tangu siku anayoandikiwa kipimo, asisubiri kufika mlangoni baada ya kulipa nauli.

Nikiulizwa leo nimpeleke nani wapi, mfupa uliovunjika na kifua nitavipeleka hospitali ya umma, nikiwa tayari kwa foleni, na nitafika kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Tumbo, mimba ya mapema na tezi ya shingo nitavipeleka kwenye kile kituo cha viti vya plastiki, kwa miadi, bila kujali kwamba feni yake inapiga kelele. Titi nitalipeleka pale tu nilipoona kichwa kilichonyooka kwa macho yangu. Siti skani ya dharura ni hospitali, usiku au mchana. Isiyo ya dharura nitauliza kwanza nani anaisoma na lini. Kile kituo chenye kiyoyozi sijakirudia, ingawa wamebadilisha bango na sasa wanatangaza punguzo la mwisho wa wiki. Jumapili, kwa bahati mbaya, ndio pekee wanaofungua mlango mbali na hospitali, na kwa wageni wanaoshuka kwenye treni ya reli ya kati alfajiri ya siku hiyo, ushauri wangu ni wapumzike nyumbani mpaka Jumatatu, labda kama daktari ameandika kuwa ni dharura.